Seli Isiyo na Kiini

Nafundisha bayolojia katika shule ya upili ya kutwa pale Kiganjo, Thika. Kila mwaka tukifika kwenye somo la seli, hakosekani mwanafunzi atakayechora seli nyekundu ya damu kisha aipachike kiini katikati. Mimi humnyima alama bila huruma. Nimesema mpaka koo limekauka: seli nyekundu ikikomaa hukitoa kiini chake ili ipate nafasi zaidi ya kubeba oksijeni. Kiini ndicho hutoa maagizo na kusimamia marekebisho. Ikishakitoa, basi. Inazunguka mwilini na kazi yake ile ile mpaka ichakae. Wanafunzi husema mimi ni mkali, na hawajakosea.

Binti yangu ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Mimi na baba yake, kila mmoja alimrithisha kasoro moja ya damu. Sisi wenyewe hatuumwi, na hatukujua lolote mpaka mtoto alipovimba vidole akiwa bado ananyonya. Seli za mtu mwenye afya ni laini, hupenya hata kwenye mishipa myembamba kabisa. Zake zikipungukiwa na oksijeni, au mwili ukipigwa na baridi, hukakamaa zikajipinda kama mundu, kisha zikakwama pamoja kama takataka kwenye mtaro. Damu haipiti. Kinachofuata ni maumivu ambayo sitayaeleza, kwa sababu nikijaribu nitakasirika.

Tulihama magharibi kwa ajili yake. Kule kwetu karibu na ziwa, kila malaria ilipompata ilimwangusha kitandani, na maumivu yakafuata. Kwa hiyo baba yake alipopata kazi ya kiwandani Thika, tulishukuru Mungu. Mbu huku si wengi. Nyanya yake alitusaidia kufunga vyombo huku akiimba. Hakuna aliyetutajia baridi ya Julai na Agosti, na yale mawingu yanayokaa wiki nzima bila kusogea. Tulimtoa mtoto kwa mbu tukampeleka kwa baridi.

Mwaka jana alimaliza mafundisho ya ubatizo. Kanisa letu liko Ruiru, la watu waliotoka magharibi kama sisi, na kwetu hakuna kunyunyiziwa. Mtu anazamishwa mzima mzima katika tangi la saruji nyuma ya kanisa, tena wakati wa likizo ya Agosti, miaka nenda miaka rudi. Nilimwendea mchungaji nikamwomba binti yangu angoje hadi Desemba. Yeye alikubali. Aliyekataa ni binti mwenyewe.

"Mama, wenzangu wote wanaingia," aliniambia. "Mimi kila kitu ni kungoja. Wakicheza, mimi ndiye wa kushikilia masweta yao."

Mtoto wa miaka kumi na miwili amwambie mama yake ukweli namna hiyo, mama atasema nini?

Akina mama wa kanisa walipopata habari, walinicheka. "Mwalimu, ni hiyo tu? Si tutapasha maji!" Na kweli, siku ilipofika walitangulia kanisani alfajiri, wakawasha kuni na kutoa zile sufuria kubwa za kupikia matangani. Walimimina maji ya moto sufuria baada ya sufuria, kanga zikiwalowa, wakitaniana kwamba mwaka huu mchungaji ataogeshwa kama bwana harusi. Nilitumbukiza kiwiko, kama ninayepima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Yalikuwa mazuri kabisa. Nilijificha nyuma ya choo nikalia kwa furaha.

Alizamishwa, akaibuka akicheka. Sijawahi kumwona akicheka vile.

Sasa, kwetu aliyebatizwa haondoki. Anasimama kando ya tangi na kanzu yake inayochuruzika, akina mama wanamzunguka, wanamwekea mikono na kumwombea mmoja mmoja. Nimeiona desturi hiyo tangu utotoni. Nimewaombea watoto wa wenzangu vivyo hivyo, nikichukua muda wangu. Lakini tangu mwanzo akili yangu yote ilikuwa kwenye maji; huku kusimama na nguo mbichi sikukufikiria. Wale wengine waliombewa kwa ufupi. Huyu wangu, kwa kuwa ni mgonjwa na wote wanampenda, aliombewa na kila mwenye mdomo. Upepo ukaanza kuvuma kutoka upande wa mashamba ya kahawa.

Nilikuwa nyuma yao na taulo na sweta mbili. "Nipisheni," nikasema. Wimbo ukanimeza. Nikaanza kusukuma watu kwa mabega. "Nipisheni! Mtoto anapigwa na baridi!"

Mama mmoja akageuka, akaniona natetemeka, machozi yakinitiririka, akanikumbatia kwa nguvu zake zote. "Asante Yesu! Mwache Roho afanye kazi, mwalimu, usimzuie!" Wawili wengine wakanishika mikono nisije nikaanguka. Kadiri nilivyojaribu kujinasua ndivyo walivyozidi kuimba. Katikati ya vichwa vyao niliona midomo ya binti yangu ikipoteza rangi. Nilitaka kuwatukana, na hao ndio walioamka alfajiri kumpashia maji.

Maumivu yalianza kwenye magoti kabla hatujafika nyumbani. Jioni tulikuwa hospitalini Thika, maji ya dripu yakiingia mkononi mwake, naye akiuma kona ya shuka.

"Pole, mwalimu," muuguzi aliniambia. "Dawa ameshapewa. Sasa ni kungoja tu ishike."

Kesho yake akina mama walikuja na chupa ya uji. Yule aliyenikumbatia alisimama miguuni pa kitanda akilia. "Lakini maji si yalikuwa moto?"

"Yalikuwa moto," nikamjibu. Hayo mengine sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Walipoondoka nilibaki nikimkanda miguu polepole. Kila kilichokuwa kikitendeka ndani ya mguu ule nakijua kwa jina. Ningeweza kukichora ubaoni nikiwa nimefumba macho. Sikuweza kusogeza hata seli moja.

"Mama," aliita, macho yamefumbwa. "Si wewe unazijua? Ziambie zinyooke."

Nikaangalia kama kuna mtu karibu. Kisha nikainamia goti lake lililovimba, mdomo wangu ukakaribia kugusa ngozi, nikaziambia seli zake zinyooke. Nilizisihi kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya mama yangu.

Akauliza kama zimesikia.

Nikamwambia bado.