Ndama Kwenye Jalada la Marehemu

Nafundisha watu wazima kompyuta katika ukumbi wa kanisa, mtaa wa Section 58. Kazi yangu ni kurudia, na kurudia hakunichoshi. Kinachonitia kinyaa ni kidirisha kile kinachofunguka unapotaka kuchagua faili.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Subukia. Mama yake alipofariki, alikataa kuwaachia watu wa duka la uchapishaji kijitabu cha mazishi. Alitaka kukiandaa kwa mikono yake. Siku aliyokiandaa darasani kwangu, mazishi yalikuwa kesho yake, na duka la kukichapa lilikuwa likifunga jioni hiyo.

Picha ya jalada alikuwa ameshaichagua: mama yake akicheka, sufuria mkononi. Aliiona katika programu ya kutazamia picha, ambayo kidirisha chake huonyesha kila picha kwa udogo, ya karibuni ikiwa juu. Yake ndiyo iliyokuwa juu kabisa. Kisha akafungua programu ya kuandikia ili aiweke pale.

Huko kidirisha kilikuwa kingine. Hakukuwa na picha, ila majina ya herufi na tarakimu, tena kwa mpangilio tofauti. Akachagua la juu kabisa, kama alivyozoea. Juu ya jina la marehemu akatokea ndama akinyweshwa dawa ya minyoo.

Akamfuta, akajaribu jina jingine. Safari hii akabonyeza kona ya chini kulia, mahali pa kukubali katika programu ile ya kwanza. Hapa palikuwa pa kughairi. Kidirisha kikajifunga bila kuleta kitu. Akaondoa mkono kwenye mausi.

"Mwalimu, nimefinya pale pale nilikuwa nafinya. Labda hii kichwa yangu ndio mbaya. Wacha tu watu wa duka wamalizie."

Nilivuta kiti nikaketi karibu naye. Nikamwambia ni kama kuamka ukute chumvi kwenye mkebe wako wa sukari, halafu aliyeihamisha akulaumu kwa kuharibu chai. Mkono wake ulikuwa umejifunza vizuri. Waliotengeneza programu hizi ndio hawakujali kama zinakaa kwenye kompyuta moja, mbele ya mtu mmoja. Kila mmoja alijenga mlango wake, akaweka kitasa alikotaka, akaenda zake. Huo ni uchafu, nao hujificha vizuri kwa sababu anayeumia hujilaumu mwenyewe.

Nikatafuta kwenye mipangilio ya programu ya kuandikia. Chini kabisa, kulikuwa na kisanduku cha kuiruhusu itumie kidirisha cha kompyuta yenyewe, kile kile cha programu ya picha. Kilikuwa kitupu. Nikamwomba akiwekee alama, tukaifunga programu na kuifungua upya.

Picha ndogo zikajipanga kama alivyozizoea. Sikugusa chochote. Alichagua ya juu, akabonyeza kona ya chini kulia, na mama yake akatokea kwenye jalada, akicheka.

Akahifadhi kazi yake. Kisha akaniuliza, kwa upole, "Na kama hiyo kitu ilikuwa hapo, mbona hawakuiwasha toka mwanzo?"

Huwa nina jibu kwa kila swali la darasani. Nililokuwa nalo siku hiyo halikufaa kusemwa mbele ya mfiwa. Nikamwambia tuharakishe, duka linafunga.