Sahani Iliyokataa Zafarani

Bi Fatu wa Dunda alikuwa akipika mafuta ya nazi tangu enzi za Mjerumani, na katika miaka yote hiyo hakumwamini mtu. Jirani hakuruhusiwa kukoroga chungu chake, na tui likichelewa kutoa mafuta, basi pana mwenye jicho baya. Rajabu, mwanawe wa pekee, alipomwoa Zaina wa Miono, Bi Fatu alimpokea kwa jicho la shaka. Mtu wa bara yule, nani ajuaye amekuja na nini ndani ya kisanduku chake?

Mwaka wa 1934, Rajabu akiwa kazini Pangani, mtoto wao Majaliwa alishikwa na homa kali. Akaitwa Mwalimu Mtoro aandike kombe: aya kwa wino wa zafarani na maji juu ya sahani nyeupe, zioshwe kwa marashi, mgonjwa anywe. Bi Fatu aliitoa sahani kabatini mwenyewe, akaipangusa kwa kiganja. Mwalimu akaandika herufi ya kwanza. Wino ukajikunja, ukawa matone, ukateleza pembeni.

"Imekataa!" Bi Fatu akaruka. "Zaina, umeifanya nini? Funga virago, kesho urudi kwenu. Na mtoto humgusi!"

"Wallahi sijaishika, mama," Zaina akasema, machozi yakimtoka. "Mwanangu nitamwachaje na homa hii?"

Mwalimu aliinusa sahani. "Inanukia nazi. Ioshwe kwa jivu na ndimu, tuone."

Mwanakemia angeumaliza ugomvi pale pale. Chembe ya maji ina upande wa chaji hasi kidogo na upande wa chaji chanya kidogo, kwa hiyo chembe hizo huvutana na kung'ang'aniana. Chembe ya mafuta haina pande hizo, na chembe za maji zikiikuta hurudiana zenyewe na kujiviringa kuwa tone. Lakini mwanakemia hakuwapo. Alikuwapo Bi Fatu, amemsimamia kichwani Zaina aliyekuwa akisugua sahani.

Sahani ilipokauka, Bi Fatu aliinyakua. Akaigeuza, akaichungulia, akaikandamiza kidole gumba katikati akitafuta dawa iliyopakwa. Hakuona kitu, akampa Mwalimu.

Safari hii wino ulikaa. Herufi zilikwenda safi kutoka ukingo hadi ukingo, isipokuwa pale katikati. Hapo wino ulijitenga huku na huku, ukaacha doa jeupe la kidole gumba.

Bi Fatu alilitazama doa, kisha akakitazama kidole chake, kinang'aa mafuta aliyopika asubuhi. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

"Ni mimi," akasema. Mwalimu alipokwisha kuosha maandishi na kumimina kikombeni, Bi Fatu alimsogezea Zaina kikombe. "Nimekudhulumu, mwanangu. Huendi popote. Haya, mnyweshe mwenyewe."

Zaina alikipokea kwa mikono miwili. Akakinusa kwanza, akaonja kidogo huku akimtazama mkwewe usoni, ndipo akampa mtoto.