Nukta Tatu Mlangoni pa Kanisa

Maduka ya intaneti yalipoanza kufunguliwa Morogoro mjini, binti yangu wa tatu alipata kazi katika mojawapo, na paroko wetu akamwomba atengeneze tovuti ya jubilei ya parokia. Mimi nilikuwa katekista. Nilimshukuru Mungu, ingawa sikujua hiyo tovuti inashikwa wapi.

Desturi yetu siku ya sherehe ni kwamba vigango vitatu vya parokia, cha juu mlimani, cha katikati na cha bondeni, huja kwa maandamano, kila kimoja kwa njia yake na wimbo wake, na hakuna anayeingia kanisani mpaka wote wafike. Binti alitaka tovuti ionyeshe hilo: picha ya milima, nukta tatu za rangi zikishuka, kisha mlango wa kanisa ufunguke.

Tulimwalika mwenyekiti wa kigango cha juu kabisa, bibi mwembamba mwenye sauti ya kuamsha bonde zima, aje dukani aone. Watu wake walikuwa wameombwa kubeba msalaba wa jubilei na hawakuwa wamekubali. Walihisi parokia inawakumbuka pale tu panapohitajika mabega.

Binti alimwamkia, akamvutia kiti, akabonyeza. Nukta zote ziliondoka pamoja. Ya bondeni ikafika, ya katikati ikafika, mlango ukafunguka, na ile ya juu bado inajikokota kwenye migomba.

"Ndivyo mnavyotuona," bibi alisema. "Tutafika mmeshaosha vyombo."

Binti akaomba radhi, akarekebisha upesi. Safari hii nukta ya juu ilishuka mbio na kuwafikia wenzake mlangoni. Bibi akanigeukia.

"Mwalimu, njia yetu unaijua. Nani atakimbia pale na msalaba begani?"

Nilicheka, lakini alikuwa ameshaanza kujifunga khanga yake aondoke. Nilimsihi akae kidogo, amsimulie binti namna wanavyokuja. Akasema wao huondoka kwao huku bondeni kukiwa bado kumelala, hutembea mwendo wa wazee wao, wala hawajaona sababu ya kubadili.

Binti alisikiliza huku ameshika kidevu. Alinieleza kwamba kila nukta huandikiwa mambo mawili: isubiri kiasi gani kabla ya kuondoka, na itembee kwa muda gani. Alikuwa amehangaika na la pili na kulisahau la kwanza. Akaanzia mlangoni, akahesabu kurudi nyuma. Mwendo akaufanya mmoja kwa zote. Ya mbali isisubiri kabisa, ya karibu isubiri kuliko zote.

Akabonyeza tena. Nukta nyekundu ya juu ikaanza kushuka peke yake, taratibu. Mzee mmoja wa kigango cha bondeni, aliyekuja kuchungulia, akalalamika kwamba nukta yao imekaa tu, watu watadhani wamelala.

"Kwani hamlali?" bibi akamuuliza, wala hakuondoa macho kwenye kompyuta.

Ya katikati ikaungana na safari, mwisho kabisa ya bondeni ikajinyanyua, na zote tatu zikagusa kizingiti kwa pamoja. Mlango ukafunguka. Bibi akaomba aone tena, na tena, mpaka mwenye duka akakohoa.

"Msalaba tutaubeba," alisema akisimama. "Lakini wimbo wa kuingilia ni wetu."

Nilimkubalia papo hapo, kabla hata ya kumuuliza paroko.