Nilimdanganya Mwizi wa Korongo Wangu, Akaumia Abti

Mimi ndiye niliyekosa, na sitafuti wa kunitetea. Lakini nisikilizeni kwanza.

Siku tisa nililala kifudifudi kwenye matope ya silanga moja, bwawa la kunyweshea mifugo, ng'ambo ya Bura, nikimvizia ndege aitwaye korongo nimpige picha. Ananifika kifuani, mdomo mwekundu wenye mkanda mweusi. Huku kwetu haonekani kila mwaka. Siku ya tisa akaingia majini, akadaka chura, nami nikampata!

Nikamtumia picha Yusuf, rafiki niliyeanza naye kazi hii ya kupiga picha ndege na kuwaongoza watalii. Kesho yake naikuta mtandaoni, ina jina lake! Watu wanamwita bingwa, wageni wanamtaka awaongoze. Nilipompigia alicheka. "Walaal, ndugu yangu, ndege ni ya Mungu." Damu ilinichemka. Nikaapa atanilipa.

Kiangazi kilipokaza tukakutana Garissa, akaniuliza habari za kule. Nikamwambia silanga imejaa, korongo sasa ni wawili. Uongo mtupu! Nilikuwa nimetoka huko, nimeona nyufa tu. Nilitaka aaibike mbele ya wageni wake.

Sisi watu wa mifugo tukikutana njiani tunapeana habari: mvua imenyesha wapi, maji yako wapi. Hapo hata adui humdanganyi. Nilijua, na bado nilidanganya.

Yusuf akiwa njiani na wageni akamkuta mzee anapeleka mbuzi mtoni Tana. Akampa habari kama nilivyompa. Mzee akageuza kundi kuelekea silangani. Wallahi, mzee huyo ni abti wangu, kaka wa mama!

Yusuf alipokuta pakavu alirudi mbio kumtafuta mzee, akawanywesha mbuzi maji yote ya wageni. Hayakutosha. Zaidi ya nusu ya kundi lilikufa.

Abti alinijia nyumbani, akaniita nami abti, kama mjomba na mpwa wanavyoitana kwetu. "Abti, huyo kijana aliniambia maji iko. Anasema aliambiwa na wewe. Ni kweli?" Nikamwambia ni kweli.

Picha aliniibia, na sifa za wema nikampa kwa mkono wangu! Yusuf simsamehi hadi leo, na niseme ukweli, roho yangu bado inataka kumlipiza. Lakini wewe unayepanga kulipiza, mfuate mtu wako ana kwa ana. Usiuguse uongo wa maji, kwa sababu hujui nani mwingine ataufuata.

Abti bado ananisalimu vizuri. Ila habari za njia haniulizi tena. Anamuuliza Yusuf.