Bomba la Nusu Inchi Ghalani

Wiki iliyopita nilipeleka magunia yangu ya korosho kwenye ghala jipya karibu na Tingi, nikamkuta mkaguzi wa zimamoto, dada mmoja mpole. Mwenye ghala alikuwa akimwonyesha kwa fahari mabomba mekundu yaliyopita chini ya bati. Moto ukiwaka, alisema, yatamwaga maji yenyewe.

Mkaguzi akafungua koki ya majaribio iliyoko mwisho kabisa wa bomba. Maji yakatoka membamba kama ya kutawadhia, kisha yakawa matone. Akalifuata bomba hadi nje, kwenye tangi, akainama na kushika bomba linalotoka humo.

"Mzee, huko juu umeweka bomba la inchi mbili, lakini linaloleta maji ni la nusu inchi, tena ndilo linalopeleka chooni. Mtu akinawa tu, ghala halina maji."

"Moto wa huku kwetu si mkubwa hivyo, mwanangu."

Sisi wakulima tulioleta korosho siku hiyo tukatazamana. Jasho letu la mwaka mzima lilikuwa humo ndani. Mama mmoja wa Njinjo akaanza kuburuta gunia lake kulitoa nje. Tukamfuata. Mkaguzi naye akafunga kijitabu chake cha ukaguzi bila kutia saini.

Mwenye ghala akamgeukia fundi wake. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia, bosi. Ukaniuliza kama mkaguzi ataliona."

Ndivyo tulivyo. Tunamwogopa mkaguzi kuliko moto, na kati ya hao wawili, mkaguzi ndiye anayepiga hodi.