Uzito wa Kitako

Wilma Trautwein alikuwa na sifa mbili pale Sagwell, mji mdogo wa wafugaji huko Wyoming. Ya kwanza, chakula chake kilikuwa hakiliki, na mumewe Floyd alilimaliza jambo hilo kwa kupika mwenyewe miaka thelathini na minane ya ndoa. Ya pili, alikuwa fundi wa bunduki, na bunduki ikishatoka mikononi mwake hairudi kwa ubovu. Miaka kumi na tisa tangu aache kuchonga vyuma kwenye karakana ya reli, na hakuna hata moja iliyorudi. Ukimpelekea kazi ukakaa kunywa kahawa, kikombe hakifiki nusu kabla hujaambiwa hivyo.

Tusimwonee, fundi alikuwa fundi kweli. Karakana yake ilikuwa banda la gari nyuma ya nyumba, gari lenyewe likilala nje kwenye theluji kama mkosaji. Kila asubuhi aliingia mle na aproni yake ya turubai, akawasha jiko la kuni, akaanza kuimba kwa sauti mbaya. Wajukuu wawili walikuwa mbali, magoti yalimuuma, na paka wake alikuwa na tabia chafu. Ukimuuliza, angekwambia maisha yake ni matamu, na hakuwa anadanganya.

Jumanne moja ya mwezi wa tatu aliingia Marcel Etchepare, mfugaji wa kondoo, mzee wa miaka sabini na moja, na bunduki yake kwapani. Wilma aliitambua bunduki kabla hajamtambua mwenyewe. Alikuwa ameishughulikia mwezi wa nane.

"Imekuletea shida?" aliuliza upesi.

"Haina shida yoyote," Marcel alisema, akivua kofia. "Shida ni mimi. Naomba uikague tu, maana nimemuuzia Clete Harmsen, anaichukua Ijumaa. Anachukua na kondoo."

"Kondoo gani?"

"Wote, Wilma."

Floyd, aliyekuwa mlangoni na birika, alisimama palepale. Ukoo wa akina Etchepare ulikuwa na kondoo kabla mji haujapata posta.

Marcel alieleza huku akitazama viatu vyake. Msimu wa kuzaa ulikuwa umefika, na mbweha wa nyika walikuwa wakishuka alfajiri. Anapiga risasi ya kwanza, inaondoka. Ya pili haiingii. Akihangaika kukoki kwa mkono, mbweha ameshabeba. Wanakondoo saba walikuwa wameondoka namna hiyo. Dukani kwa wauza chakula cha mifugo walimwambia ni mikono: bunduki ya kujikoki inataka mtu aishike imara, mshiko ukilegea nayo inakwama. Akawaonyesha mikono yake. Kweli, ilikuwa ikitetemeka tangu mwaka juzi.

"Nimejishauri," alisema. "Mtu asiyeweza kulinda kondoo hafugi kondoo. Mambo yameisha, hamna kulia."

"Wale wa dukani wanaongea sana," Wilma alisema. "Hayo ya mshiko ni mambo ya bastola, si ya bunduki ndefu. Njoo unywe kahawa, mimi naitazama."

Alitoka nayo peke yake hadi uwanja wa nyuma, mahali alipokuwa akijaribia bunduki, penye tuta la udongo la kuzuia risasi. Theluji ilikuwa nzima, haijakanyagwa. Akapiga. Risasi ya kwanza ikaenda, ya pili ikakwama nusu njia. Akakoki kwa mkono, akapiga tena, ikakwama tena. Akatazama chini. Ganda la risasi likitoka huwa la moto, na kwenye theluji huzama na kuacha tundu. Matundu mawili yalikuwa karibu kabisa na kisigino chake, nyuma. Maganda hayakurushwa, yalidondoka tu. Hakuhitaji la tatu.

Bunduki za aina ile hujikoki kwa gesi ya baruti. Gesi inalisukuma nyuma komeo, kile chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma, ganda linatupwa nje, kisha springi iliyo ndani ya kitako inalirudisha komeo mbele na risasi mpya. Pamoja na springi hiyo, ndani ya bomba la kitako, huteleza kipande cha chuma cha unene wa kidole gumba. Kikiwa chepesi mno, komeo linakwenda kwa fujo na bega linaumia. Kikiwa kizito mno, gesi inashindwa kulifikisha komeo nyuma, na risasi ya pili haiokotwi.

Na hicho kizito mno alikitia Wilma. Mwezi wa nane Marcel alilalamika bega, na yeye, kwa kujionyesha, akamtilia kizito kuliko vyote alivyokuwa navyo, cha aunsi tano na ushee. Juani, kwa risasi kali alizokuwa nazo Wilma mwenyewe, bunduki ilikuwa laini kama siagi. Hakumuuliza mzee wa watu atapigia risasi gani, wala mwezi gani. Wengine wote huwauliza. Sasa baridi ilikuwa imegandisha grisi na kuilegeza baruti, na Marcel alikuwa akipigia risasi za bei rahisi.

Alisimama kwenye theluji akajionea huruma kidogo. Miaka kumi na tisa! Kubadilisha kile chuma ni kazi ya dakika mbili. Nani angejua? Akarudi ndani, uso umekauka.

"Ilikuwa chafu," alisema. "Masizi ndani. Nitaisafisha, itapiga tu. Wala si mikono yako."

Marcel aliweka kikombe chini polepole. Akatabasamu, na tabasamu lile lilimkata Wilma maini.

"Nimeisafisha leo alfajiri," alisema. "Naisafisha kila siku. Lakini asante, Wilma. Umekuwa mwema kwangu siku zote." Akaanza kutafuta kofia yake.

Floyd alimtazama mkewe. Mtu ukilala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, akikutazama ameshakusema.

"Kaa chini, Marcel," Wilma alisema. "Nimekudanganya. Kosa ni langu. Chuma nilichokutilia mwezi wa nane kimezidi uzito. Wale wanakondoo saba wameliwa kwa sababu yangu."

"Unanifariji tu."

"Nikufariji mimi? Muulize Floyd kama nimewahi kumfariji mtu."

"Hajawahi," Floyd alisema.

Marcel alifikiri. Kisha akachukua bunduki akampa. "Twende. Piga wewe, mimi nikiona."

Basi fundi ambaye kazi yake hairudi akasimama mbele ya mteja wake, mikono yake minene imeishika bunduki kama koleo, akapiga. Ikakwama. Akapiga tena, ikakwama tena. Alihisi masikio yakimuwaka. Marcel aliinama akayatazama yale matundu nyuma ya kisigino cha Wilma muda mrefu.

"Hata wewe," alisema kwa sauti ndogo.

"Hata mimi. Hata angekuja bondia."

Wilma alikwenda kuleta kisanduku chake cha vyuma. Kwanza alitia chuma chepesi, cha aunsi tatu. Marcel akapiga, bunduki ikajikoki, lakini ikamtikisa bega akaguna, na maganda yakaruka mbele kama panzi. Wilma akakitoa, akatia cha kati, cha aunsi nne kasoro. Sasa maganda yakatoka ubavuni, yote upande mmoja. Akaweka risasi moja peke yake kwenye magazini, kile kikasha cha risasi, maana hapo ndipo pa kupimia: komeo likifika nyuma kabisa, magazini tupu hulizuia lisirudi. Marcel akapiga. Komeo likabaki wazi.

"Mara nyingine," Wilma alisema. Mara hii alikuwa hana hamu ya kujisifu kwa chochote.

Marcel akapiga mara sita. Mikono ilitetemeka mara zote sita, na komeo likabaki wazi mara zote sita. Mara ya mwisho alishusha bunduki, akainyoosha mikono yake mbele, akaitazama mmoja mmoja, na machozi yakaanza kumtiririka bila ya yeye kuyapangusa.

"Niliiambia mikono hii maneno mabaya sana," alisema.

Wilma alitamani amshike bega, akakumbuka bega lenyewe ni bovu, akamshika kiwiko. "Nenda kawaambie watu wote," alisema. "Dukani, kanisani. Waambie imerudi ya kwanza."

"Nitawaambia," Marcel alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. "Tena nitaongeza chumvi."

Ndani, Floyd alikuwa ameshapakua maharage ya pilipili na kuweka mkate wa mdalasini pembeni. Marcel hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye simu ya ukutani, akabonyeza namba kwa kidole kinachocheza, akakosea, akaanza upya.

"Clete? Marcel hapa. Hapana, hakuna aliyekufa. Ijumaa usije na lori."