Okei ya Daktari wa Ng'ombe

Daktari wa mifugo anayezunguka vijiji vya Ufipa kwa pikipiki ana neno moja la Kizungu, nalo hulitumia kama panga la shambani, kwa kila kazi. Ukimwamkia, okei. Mbwa akimbwekea, okei, kwa upole, mpaka anyamaze. Ukimweleza ugonjwa, okei, okei, huku akijisugua sabuni hadi viwikoni. Mama mmoja mfugaji, Dominika, neno hilo lilimchosha. Lakini asubuhi moja ng'ombe wake wa pekee aliposhindwa kuzaa, mkono wa daktari ulizama ndani hadi begani, na neno halikusikika. Dominika akalitamani. Ndama akatoka amelegea kama gunia tupu. Daktari akamsugua kwa majani makavu, akampulizia puani, akamsugua tena, jasho likimdondoka kidevuni.

Ndama akapiga chafya.

Daktari akajikokota hadi kwenye ndoo ya maji. Akashika sabuni, ikamponyoka, mara ya kwanza, mara ya pili. Dominika akaiokota, akamnawisha mwenyewe, kidole kwa kidole, hadi viwikoni.

"Okei, daktari," akamwambia. "Okei."